Leseni ya Mzee Mustansir

Mwaka jana serikali ilipotoa amri ya kuwazuia watu wasio raia kufanya baadhi ya biashara, mimi ndiye niliyemsomea Mzee Mustansir ile orodha. Tulikuwa dukani asubuhi, wateja hawajaanza kuja. Nilisoma kwenye simu yangu: saluni, wakala wa fedha kwa simu, udalali wa nyumba, kununua mazao shambani. Kila nilipotaja moja aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza matokeo ya mpira ya timu zisizomhusu. Nikafika kwenye ufundi wa simu na vifaa vya kielektroniki. Nikaishia hapo.

"Endelea," akasema.

"Mzee, ni sisi."

"Sisi nani?"

"Ufundi simu na vifaa. Imo humu."

Akaweka bisibisi chini, akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho yake, akasoma mwenyewe taratibu. Kisha akanirudishia.

"Hiyo ni kwa wageni," akasema, akaendelea na kazi.

Kila mwaka mimi ndiye niliyemjazia fomu zake, kwa hiyo nilijua jambo ambalo yeye alikuwa amelizoea mpaka akalisahau.

Mzee Mustansir ni Bohora. Alizaliwa Tabora mwaka 1958, na cheti chake cha kuzaliwa anacho. Ukiacha miaka miwili aliyokwenda Dar es Salaam kujifunza ufundi wa redio, hajawahi kuishi mahali pengine. Kiswahili chake ni cha hapa hapa, na Kinyamwezi anakisikia vizuri kuliko wanangu. Lakini baada ya uhuru, watu wa asili ya Asia walipopewa muda wa kwenda kujiandikisha kuwa raia, baba yake hakwenda. Wengine wanasema aliogopa, wengine wanasema alikuwa mtu wa kesho, kesho. Muda ukapita. Mtoto wa miaka mitatu hakuulizwa. Dada yake, Bi Nurjahan, aliolewa na raia akapata uraia kwa njia hiyo. Mzee akabaki akiishi mjini kwao kwa kibali cha ukaazi, anakihuisha kila kinapokaribia kwisha, kama vile mwingine anavyokata bima ya pikipiki. Mkewe alifariki zamani, na hawakujaaliwa mtoto.

Mimi naitwa Shukrani. Kwetu ni Goweko, wazazi wangu ni wakulima wa tumbaku. Nilikuja mjini nikiwa na miaka ishirini na mbili, nina mtoto mgongoni na baba yake hajulikani alipo, nikaomba kazi ya kufagia duka la Mzee. Siku ya tatu alinikuta nimefungua redio mbovu aliyoitupa kwenye boksi, naangalia ndani. Nilidhani atanifukuza. Akavuta kiti, akaniuliza, "Umeona nini?" Nikamwambia kuna waya umekatika. Akanipa pasi ya kuchomea risasi, akasimama nyuma yangu. Nilijiunguza vidole viwili. Redio iliongea.

Hiyo ni miaka kumi na tano iliyopita. Wateja waliokuwa wanakataa kumpa mwanamke simu zao, Mzee alizipokea yeye, akazisukuma upande wangu wa meza mbele ya macho yao. Hakuwahi kusema neno juu ya hilo. Watu wakazoea.

Leseni yake ilikuwa inaisha mwezi wa kumi na moja. Amri ilisema mwenye leseni aimalizie, ila asipewe nyingine. Mwezi wa kumi tukakaa kujaza maombi kwenye mtandao, mimi naandika, yeye pembeni amevaa miwani. Tukafika penye kuchagua: raia, si raia. Kidole changu kikaenda kwenye lile neno la kwanza.

"Usiandike uongo," akasema.

"Mzee, ni kubonyeza tu."

"Ndiyo, na ni uongo."

Nikabonyeza la pili. Ukurasa ukafunguka mwingine, wenye maandishi mekundu, ukisema biashara hii hairuhusiwi kwa aina hii ya mwombaji. Akaniomba nirudie, labda mtandao ulikuwa mbaya. Nikarudia. Mara ya tatu alisema basi.

Kesho yake tulikwenda ofisi ya biashara. Afisa aliyetupokea anaitwa Revocatus, mtu wa makamo, mpole. Alisimama kumpa Mzee kiti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimekuja juu ya leseni."

Revocatus akafungua kompyuta, ingawa nadhani alikwishajua. Akasoma, akakuna kidevu.

"Mzee, mimi nakufahamu. Redio ya marehemu baba yangu uliitengeneza wewe mara mbili. Lakini mfumo hauniulizi kama nakufahamu. Unaniuliza kama wewe ni raia."

"Na mimi ni nani?"

"Kwenye karatasi, Mzee, ni mgeni."

Mzee Mustansir akacheka kidogo, si kwa dharau. Ni kama aliyesikia jina lake limetamkwa vibaya. Revocatus akageuza macho dirishani. Baadaye ndiye aliyetushauri twende uhamiaji tukaulize habari za wazazi. Alisikia kwamba mtu aliyezaliwa hapa kabla ya uhuru, na mzazi wake mmoja naye akawa amezaliwa hapa, huyo ni raia tangu siku ya uhuru yenyewe, awe alijiandikisha au hakujiandikisha.

Tulikwenda siku hiyo hiyo. Uhamiaji tulikutana na afisa wa kike, Agnetha, mdogo kwangu kwa umri. Aliuliza maswali yake kwa utaratibu, anaandika.

"Baba alizaliwa wapi?"

"India. Kathiawar."

"Na mama?"

"Usoke."

Agnetha akainua uso. "Usoke hii ya Urambo?"

"Hiyo hiyo. Babu yangu mzaa mama alikuwa na duka pale stesheni. Mama alizaliwa mwaka thelathini na nane."

"Una uthibitisho, Mzee? Cheti, kitabu cha dini, chochote chenye kuonyesha alizaliwa pale?"

"Sikuwahi kuulizwa."

"Ukileta, habari inabadilika kabisa. Hutaomba uraia. Utakuwa unathibitisha ulio nao."

Tulitoka pale mimi natembea kama nimebebwa na upepo. Barabarani Mzee alisimama kununua karanga, na akanipa pakiti nzima.

Tulianza na msikiti wao. Vitabu vya jumuiya yao vinatunzwa na mzee mwenzake, Fakhrudin, ambaye alitutolea daftari lililoliwa na mchwa pembeni. Ndoa ya wazazi wake ilikuwemo, mwaka 1956. Fakhrudin alitusomea: Sakina binti Tayabali, wa Usoke. Nikashangilia. Fakhrudin akanikatiza.

"Wa Usoke maana yake alikuwa akikaa Usoke. Mahali pa kuzaliwa hawakuandika. Siku zile nani alijali?"

Kwenye ofisi ya vizazi na vifo walitafuta siku mbili, wakasema hakuna. Mzee hakushangaa. Alisema mama yake hakuzaliwa hospitali, alizaliwa nyumbani, nyuma ya duka. Kwa hiyo tukafunga duka siku moja ya Jumanne, tukapanda basi la Urambo, tukashuka Usoke.

Lile duka bado lipo. Limekuwa ghala la mbolea, na mlango wake wa mbao umebadilishwa ukawekwa wa chuma. Mzee alisimama mbele yake, amevaa kofia yake nyeupe yenye uzi wa dhahabu, akaweka kiganja ukutani. Wanaume waliokuwa wakipakia magunia walitusalimu. Mimi ndiye niliyewaeleza shida yetu. Mmoja akasema kama ni habari za Wahindi wa zamani, anayezijua amebaki mmoja tu, Bibi Ng'washi, anakaa ng'ambo ya reli na mjukuu wake.

Bibi Ng'washi alikuwa ameketi kwenye mkeka nje ya nyumba, anachambua karanga za mbegu kwa kuzipapasa, maana macho yalikuwa yamekwisha. Mjukuu wake, Gaudensia, mwalimu wa chekechea, alitukaribisha. Nilimwamkia bibi kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayu," akaitikia, na tukaongea hivyo hivyo, yeye kwa Kisukuma chake na mimi kwa changu, tukielewana. Nikamwambia nimekuja na mjukuu wa Tayabali mwenye duka.

"Wa mtoto gani?"

"Wa Sakina."

Akaacha kuchambua. "Mlete karibu."

Mzee Mustansir akapiga magoti kwenye mkeka. Bibi akamshika uso, akaupitia kwa vidole kama alivyokuwa akizipitia zile karanga.

"Sakina alipokelewa na mama yangu," akasema. "Mke wa Tayabali alishikwa na uchungu mchana, siku ya mnada, mumewe yuko dukani anauza vitambaa. Mama aliitwa, nami nikamfuata. Nilikuwa msichana wa kuchota maji. Nilichota mimi maji ya kumwogeshea. Alilia sana yule mtoto. Tayabali akafunga duka mnada ukiwa umejaa, watu wakagomba."

Nilipomtafsiria Mzee, japo alikuwa amesikia vizuri, alitikisa kichwa na kuendelea kutikisa. Hakuwahi kuisikia habari hiyo. Mama yake alifariki yeye akiwa kijana, na hakumwachia zaidi ya lile jina, Usoke, na lile duka.

Gaudensia alitupeleka kwa mtendaji wa kijiji, naye akaandika barua na kugonga muhuri. Wiki iliyofuata Gaudensia alimleta bibi Tabora kwa gari la kukodi, bibi akala kiapo mbele ya wakili, akaweka dole gumba. Wakili akaambatisha nakala ya kitambulisho chake cha taifa. Tukapeleka faili lote kwa Agnetha. Alilipokea kwa mikono miwili na kutuambia tusubiri simu.

Siku kumi zile zilikuwa nzuri. Mzee alianza kuzungumza mambo ya mwakani. Alitaka tupake duka rangi, aagize mashine ya hewa ya moto ya kubandulia chipu. Siku moja mteja alimwita "Mhindi" kwa kawaida tu, kama wanavyoita, na Mzee akamjibu, "Mnyamwezi wa Usoke, bwana," wote wakacheka.

Simu ilikuja Alhamisi. Agnetha alitaka twende wenyewe. Faili lilikuwa mezani, limefunguliwa.

"Mzee, kaa," akasema. "Shukrani, naomba usome hapa."

Nikasoma kiapo: mimi, Ng'washi, nikiwa na umri wa miaka minane hivi, nilishuhudia kuzaliwa kwa Sakina binti Tayabali mwaka 1938.

"Sasa soma hiki."

Ilikuwa nakala ya kitambulisho. Niliiangalia nisione tatizo. Jina lake, picha yake amefumba macho. Kisha nikaona. Tarehe ya kuzaliwa: 1 Julai 1943.

"Kwa kitambulisho chake," Agnetha akasema polepole, "huyu bibi alizaliwa miaka mitano baada ya mtoto aliyemshuhudia."

"Wamekosea," nikasema. "Ana miaka tisini na kitu! Mtazame tu."

"Mimi nilimwona? Mimi nina karatasi. Na hata ningemwona, dada yangu, ningeandika nini? Kwamba nimemwona ni mzee?"

Nilimpigia Gaudensia pale pale. Alinieleza kwamba siku ya kuandikisha, bibi aliulizwa amezaliwa lini, akasema mwaka wa nzige. Mwandikishaji hakuujua mwaka wa nzige. Foleni ilikuwa ndefu. Akamtazama bibi, akakadiria.

Tukauliza kama inaweza kurekebishwa. Agnetha akasema inawezekana, kuna utaratibu wake: cheti cha zamani, au ubatizo, au maelezo ya mtu mwenye umri mkubwa kuliko wake aliyemjua tangu utoto. Bibi hakubatizwa, na shule hakusoma.

"Mtu wa kumzidi umri," Mzee Mustansir akasema. Ndiyo maneno pekee aliyosema tangu tuingie.

"Nasikitika, Mzee," Agnetha akasema, na nilimwona kweli anasikitika. "Nikilipitisha hili, likifika juu litarudi, na litarudi na jina langu. Omba uraia wa tajnisi, kama wanavyoomba wageni. Mimi mwenyewe nitakusaidia kupanga fomu."

Alimsaidia, kweli. Maombi yalikwenda. Tulipouliza yatachukua muda gani, alisema muda hauulizwi.

Leseni ikaisha. Siku ya mwisho Mzee alifanya kazi mpaka saa kumi na moja jioni, akamaliza televisheni moja iliyokuwa imebaki, akafuta meza. Kisha akaniambia duka ni langu. Hakuwa anatania. Alikuwa ameshamwona mwenye nyumba, mkataba wa pango uandikwe jina langu, na vifaa vyote alinipa mbele ya Fakhrudin na shahidi mwingine. Mimi nililia, nikamwambia nitalishika tu mpaka uraia utoke. Akasema usiseme hivyo, mbele ya watu hasa.

Alikuwa ameuliza sawasawa. Revocatus alitueleza wote wawili: amri inamwadhibu pia raia anayemfichia mgeni biashara. Leseni ya Shukrani iwe ya Shukrani. Mzee asionekane amekaa nyuma ya meza, asishike kifaa cha mteja.

"Hata kwa kumsaidia bure?" niliuliza.

"Hata bure. Nani atathibitisha ni bure?"

Jioni hiyo Mzee alinipa pia bahasha. Ndani mlikuwa na cheti cha utumishi, kama sheria ya kazi inavyotaka mwajiri ampe mfanyakazi wanapoachana. Alikuwa amekiandika kwa mkono, herufi zimenyooka: jina langu, tarehe niliyoanza, tarehe niliyoacha, na kazi niliyofanya. Penye kazi aliandika, fundi. Hata ule mwaka wa kwanza niliokuwa nafagia aliuhesabu humo.

Siku tatu hakuonekana. Siku ya nne akaja, amechana ndevu, akaketi kwenye benchi la wateja karibu na mlango. Nikamwambia karibu, Mzee. Akasema amepita tu. Alikaa mpaka adhuhuri, akaenda kuswali, akarudi. Siku iliyofuata vile vile. Niseme kweli, nilifurahi. Nilikuwa nageuka kumwuliza kitu kila baada ya dakika tano, ilikuwa ni mazoea.

Wiki ya pili frateri mmoja wa seminari ya Kipalapala alileta amplifaya ya kanisa lao, ya zamani, yenye taa ndani. Mimi ni mtu wa simu. Amplifaya za taa nilimwona Mzee akizishika, sikuwahi kuishika mwenyewe. Niliifungua, nikaiwasha, ikanguruma na kunyamaza. Nikamtazama Mzee.

Alikuwa ameketi juu ya mikono yake. Kweli kabisa, ameiweka chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa.

"Izime kwanza," akasema. "Usiguse kitu. Hizo kapasita kubwa zinaweka umeme hata ukishachomoa. Utakufa." Nikazima. "Chukua waya wenye kipingamizi, uko kwenye droo ya chini. Zimwage umeme moja moja." Nikafanya. "Sasa pima ile ya kushoto."

Tulikwenda hivyo saa nzima, yeye anasema, mimi nafanya. Mara mbili alinyanyuka, mara mbili akakaa tena. Jasho lilikuwa linamtoka kuliko mimi. Tulikuwa tumeshaipata kapasita mbovu, naichomoa, ndipo nikaona watu watatu mlangoni. Revocatus, na wenzake wawili nisiowajua, wana mafaili. Walikuwa wakipita kukagua leseni mtaa mzima.

Nilitoa leseni yangu. Mmoja wa wale wawili aliiangalia, kisha akamwangalia Mzee.

"Na huyu?"

"Mteja," nikasema haraka.

"Ameleta nini?"

Meza nzima ilikuwa na amplifaya ile tu, na frateri alikuwa ameacha jina lake juu yake kwa kalamu nyekundu.

"Sikuleta kitu," Mzee Mustansir akasema. "Namwelekeza. Hii hajawahi kuitengeneza."

Revocatus akafumba macho kidogo. Yule mwenzake akafungua faili.

"Unamwelekeza. Kwa hiyo unafanya kazi humu."

"Sijaigusa."

"Mzee, kuelekeza kazi si kufanya kazi?"

Mzee akafikiri. Ni mtu ambaye ukimwuliza swali hulifikiri. "Ni kufanya," akasema.

Revocatus akawaomba wenzake watangulie duka la jirani. Walipotoka alikaa kwenye benchi, karibu na Mzee, magoti yao yanakaribiana.

"Leo nitatoa onyo la mdomo," akasema. "Siku nyingine sitakuwa mimi. Mzee, wewe wakikukamata watakuondoa nchini. Huyu atashtakiwa, na ana watoto. Kuna mtu mtaani anawatazama, sijui nani, lakini ofisini wanajua siku ulizokaa hapa. Wanazijua kwa tarehe."

Aliondoka. Mzee alibaki amekaa. Wateja wawili waliingia, nikawahudumia, wakatoka. Nilijua kwamba mmoja wetu lazima aseme, na nilijua kwamba yeye hatasema, si kwa ukaidi, bali kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda mchana. Miaka arobaini na tatu mchana wake ulikuwa humu.

"Mzee," nikasema.

"Naam."

"Naomba... naomba usije tena."

Sikuweza kumtazama. Nilikuwa nimeshika bisibisi, nazungusha skrubu isiyokuwepo.

"Kwa muda tu?" akauliza.

"Mpaka karatasi zitoke."

"Sawa, mama," akasema. Miaka yote aliniita Shukrani. Akainuka, akavaa viatu vyake. Mlangoni akageuka. "Ukibandika kapasita mpya, angalia alama ya kutoa. Usiigeuze, italipuka."

Niliibandika. Amplifaya ilifanya kazi, frateri alifurahi sana. Mimi nilifunga duka mapema.

Kumbe hata nyumbani asingeweza kukaa. Kibali chake cha ukaazi kilikuwa cha mfanyabiashara, na sasa hakuwa na biashara. Kilipoisha mwezi wa kwanza hawakuweza kukihuisha. Agnetha akamtafutia njia: pasi ya muda, kama mtu anayetunzwa na dada yake raia, huku maombi yakisubiri. Lakini dada yuko Dar es Salaam, na pasi inataka akae kwa anayemtunza.

Aliondoka kwa basi, asubuhi, na sanduku moja. Fakhrudin alikuwepo, nami nilikuwepo na wanangu wawili. Revocatus naye alikuja, amesimama mbali kidogo, kama mtu aliyekuwa anapita. Mzee alimpa mkono. Wakati basi linawashwa alinishika bega akasema nisisahau kulipia leseni kabla haijaisha, wasije wakanifungia. Hakulia. Aliketi upande wa pili wa basi, sikumwona dirishani.

Hunipigia kila Ijumaa baada ya swala. Maombi yake bado hayajajibiwa. Mwezi wa tatu Gaudensia alinijulisha kwamba bibi amefariki, nami nikamwambia Mzee. Akauliza amezikwa wapi.

Ijumaa iliyopita alinisimulia kwamba feni ya sebuleni kwa Bi Nurjahan imeharibika, na joto la Dar ni kali. Nikamwuliza mbona hajaitengeneza, ni kazi ya nusu saa kwake.

"Sijui kama inaruhusiwa," akasema.

"Mzee! Feni ya dada yako si biashara."

"Ni kifaa cha umeme. Nami nakula kwake. Mtu akisema nalipwa chakula?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Jumatatu nilikwenda kwa Revocatus kumwuliza. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniambia bila shaka anaruhusiwa, hakuna sheria ya namna hiyo. Nikampigia Mzee nikamweleza.

"Amesema kwa mdomo?" akauliza.

"Ndiyo, kwa mdomo."

"Mwombe aandike."

Nilirudi kwa Revocatus. Aliniambia hawezi kuandika barua kuhusu feni ya mtu, ataanzaje, ataipeleka kwa nani isainiwe? Nilikaa pale kitini kwake muda, foleni ikiongezeka nyuma yangu, mpaka akaniomba kwa upole niwapishe wengine.